Cherehani ilikaa siku 19: kisa cha Mama Mapacha wa Kigoma

Cherehani ilikaa nyumbani kwake siku 19. Siku ya 20 mume akaipakiza kwa boda mwenzake ikaenda kuuzwa Mwanga, hapa hapa mjini, kwa laki na nusu, na jioni hiyo hiyo Mama Mapacha akapigwa kwa sababu aliuliza iko wapi. Mi nimekuja kuyajua haya miezi minne baadaye, na muda wote huo kwenye ripoti ya shirika lililompa ile cherehani yeye alikuwa anahesabiwa ni mama aliyefanikiwa, picha yake ipo, kashika mkasi anacheka.

Naandika kisa chote mwanzo mwisho, kwa ruhusa yake. Jina nimeficha, mtaa sitaji, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili asijulikane, ila mtiririko wa mambo ndo huo huo. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Kigoma mjini, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, tunaoandikia watu barua na kuwasindikiza polisi na mahakamani, sio mwanasheria. Nachotaka tukiangalie ni kwamba mtu huyu huyu alisaidiwa mara mbili na shirika hilo hilo, mara ya kwanza akaumia zaidi, mara ya pili akasimama. Na mara ya pili wala haikuwa hela nyingi sana kuliko ya kwanza.

Mama Mapacha kwao ni upande wa Buhigwe. Aliletwa mjini na shangazi yake akiwa binti mdogo, akafanya kazi za ndani, akakutana na huyu bwana, wakaanza maisha. Wameishi miaka 9. Cheti hakuna, harusi hakuna, mahari ilitolewa nusu ikaishia hapo. Kuna watoto mapacha, wakati huo wako darasa la tatu, na kuna kiwanja chenye vyumba viwili vya tofali za kuchoma ambavyo maji ya kujengea aliyabeba yeye kwa ndoo, mapacha wakiwa bado wananyonya. Bwana ni boda, na pikipiki ni ya mkataba, kila jioni hesabu ya mwenye chombo lazima ipatikane. Kipigo kilikuwa kinafuata hesabu, siku ikipungua elfu mbili tatu basi usiku huo majirani wanasikia. Sisemi umaskini ndo unapiga watu, hapana, hapa stendi kuna maboda kibao wana hesabu hiyo hiyo na hawajawahi kumnyanyulia mwanamke mkono.

Mara ya kwanza alifika dawati la jinsia na watoto la polisi jicho moja limefumba kabisa. Akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, akaenda hospitali, akarudi, jalada likafunguliwa la shambulio la kudhuru mwili, kosa ambalo kwa Kanuni ya Adhabu mtu anaweza kwenda jela mpaka miaka 5. Nilimweleza pia kile kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachosema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila zinasema vingine. Alinisikiliza kimya tu. Akatikisa kichwa.

Siku ya tatu wakaja shemeji mkubwa na mama mkwe. Sio kwa shari, walikuja kwa upole kabisa na kitenge kipya kwenye mfuko, wakakaa, wakasema yale maneno tunayoyajua wote, mwanangu haya ni mambo ya nyumbani, yaishe nyumbani. Halafu yule bibi akasema sentensi moja ambayo mpaka leo inaniuma, akasema: "Ukimfunga, lile deni atalilipa nani?" Mi nilikuwepo pale. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikajua ni deni la kawaida la dukani, nikaendelea kuongea habari za haki zake. Mama Mapacha hakufika mahakamani, shahidi mkuu asipotokea mara ya kwanza, mara ya pili, kesi inakufa, na ndivyo ilivyokufa.

Hapo ndo shirika likaingia. Ni shirika dogo, watu wake wana moyo, nawajua. Walikuwa na mradi wa kuwawezesha wanawake waliopitia ukatili, mradi unaisha Juni 2023 na mwezi wa tano bado walikuwa na cherehani 20 hazijagawiwa. Kwa hiyo wakaomba majina kwa watendaji, jina lake likapelekwa, akafundishwa kushona siku 10 (siku 10 mtu ambaye hajawahi hata kuweka uzi kwenye sindano ya mashine!), siku ya mwisho ukumbi ukapambwa, mgeni rasmi akaja, kila mama akapiga picha na cherehani yake. Hizo picha zikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, na maandishi chini yake yanasema wazi kabisa hawa ni wanawake waliokuwa wanateswa na waume zao.

Fikiria umerudi jioni kwenye nyumba ile ile, kwa mwanaume yule yule, na wenzake wa kijiweni wameshamuonyesha hiyo picha. Yeye mwenyewe aliniambia kile kipigo cha cherehani hakikuwa kwa ajili ya cherehani. Kilikuwa cha picha, kimesubiri siku 19.

Baada ya hapo akapotea kwetu. Simu haipokelewi, ukienda unaambiwa yuko shamba. Mi nikafanya kosa la pili, nikasema moyoni basi kachagua. Mtaani watu walikuwa wanasema waziwazi kwamba huyu kashazoea, kuna wanawake bila kipigo hawajisikii kupendwa. Haya maneno yanasemwa sana na yanasemwa na wanawake pia, ndo maana nataka msome kilichofuata.

Aliyemtoa ni mwalimu. Pacha mmoja, yule wa kiume, alianza kusinzia darasani na akikemewa kidogo anajikunja kichwa chini ya dawati. Mwalimu wake hakumchapa. Alimkalisha pembeni, akampa uji wa shule, akamuuliza usiku mnalala saa ngapi. Mtoto akajibu wanalala baba akishalala. Mwalimu alipiga 116, ile namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, na taarifa ikashuka mpaka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hii ilikuwa Septemba 2023. Wengi wanadhani 116 ni ya kesi za kubakwa au ndoa za utotoni tu, kumbe mtoto anayeshuhudia mama yake anapigwa kila wiki naye ni mtoto anayefanyiwa ukatili.

Ustawi wakarudi kwa lile lile shirika maana hapa hatuna mengi ya kuchagua. Bahati nzuri walikuwa wamepata mtu mpya, mama mtu mzima, nesi mstaafu. Tulikutana na Mama Mapacha shuleni, kama vile kaitwa kuhusu maendeleo ya watoto, ndo njia pekee mume asingeuliza. Yule nesi hakuuliza "kwanini huondoki". Aliuliza hivi: "Mwanangu, tuseme umetoka leo usiku, uko salama, watoto wako salama. Kitu gani kitakurudisha?"

Akajibu hapo hapo, bila kuwaza. "Kikoba."

Ngoja nieleze maana wasiokaa kwenye vikoba hawataelewa uzito wake. Kikundi chao ni cha akina mama kama 25, kila wiki wananunua hisa, hela inalala kwenye sanduku lenye kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Ukitaka mkopo unapewa mpaka mara tatu ya akiba yako, ila lazima wenzako wawili wakudhamini. Mama Mapacha alikopa laki 6. Hakuigusa hata senti, yote ilikwenda kuwa malipo ya awali ya ile pikipiki, mume aliahidi atarejesha kila wiki, akarejesha wiki tano akaacha. Wadhamini wake ni jirani anayeuza maandazi na mama mmoja mjane mwenye wajukuu wanne. Mkopaji akikimbia, siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba, deni linakatwa kwenye akiba za wadhamini. Yaani yule mjane angeenda na daftari lake la mwaka mzima arudi mikono mitupu.

"Nitoke niwaachie wenzangu mzigo? Halafu nitapita njia ipi?" Ndo alivyosema, na hapo nikakumbuka sauti ya mama mkwe. Wale wakwe walikuwa wanajua kamba iko wapi. Sisi na semina zetu zote tulikuwa hatujui.

Kwa hiyo kazi ya kwanza safari hii ikawa deni. Tulikaa na viongozi wa kikoba chini ya mwembe, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, yule nesi na mimi. Katibu akafungua daftari, akasoma: limebaki laki 4 na elfu 10, ndani yake faini elfu 60. Tuliwaeleza bila kuwaeleza kila kitu, wao wenyewe walikuwa wanajua, nyumba zinapakana. Mwenyekiti akanyamaza muda mrefu halafu akasema faini tunaifuta, hiyo ni ya kwetu kufuta. Ikabaki laki 3 na nusu. Makubaliano yakawa shirika lilipe laki 2 mara moja, wale wadhamini waachiwe, na laki na nusu iliyobaki ailipe yeye pole pole akishasimama. Hiyo laki na nusu aliiomba mwenyewe, alisema nikilipiwa yote sitarudi kukaa nao.

Kwenye shirika, kwa mhasibu, ikakwama. Bajeti ina fungu la mtaji, la mafunzo, la usafiri, la viburudisho vya semina, fungu la kulipa deni la kikoba halipo. Tumebishana wiki mbili na yule mama anaendelea kulala kwenye ile nyumba. Mwisho nesi akasema basi aandikiwe mfadhili aulizwe, na mfadhili akajibu ndani ya siku 3 kwamba sawa, lipeni, andikeni ilivyo. Siku 3! Wiki mbili zote tulikuwa tunaogopa jibu la swali ambalo hatujauliza.

Kutoka kwenyewe kulipangwa taratibu, na hapa naomba mashirika wenzetu wasikilize sana kwa sababu siku mwanamke anapoondoka na wiki chache zinazofuata ndo wakati hatari kuliko wote, mwanaume wa namna hii akihisi anaachwa ndo anaweza kufanya lolote. Nyaraka zilitoka kwanza. Kwa siku kumi na kitu mapacha walikuwa wanaenda shule na karatasi moja moja ndani ya madaftari, leo cheti cha kuzaliwa cha Kulwa, kesho cha Doto, keshokutwa kadi za kliniki na karatasi yenye namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, maana kadi yenyewe mume aliificha, na mwalimu anaziweka kabatini. Asubuhi ya Novemba ambayo bwana alipata abiria wa kwenda mbali, ikaja bajaji. Godoro moja, sufuria mbili, nguo za watoto, basi. Yule jirani wa maandazi ndo alisaidia kupakia, na ingekuwa bado ni mdhamini wa lile deni sijui kama angesaidia.

Nyumba salama kwa maana ya kituo cha kulaza akina mama haikuwepo karibu, kwa hiyo shirika lilipanga chumba upande mwingine wa mji, elfu 35 kwa mwezi, na kama mnavyojua wenye nyumba hapa hupewi chumba bila kulipa miezi mitatu kwa mpigo. Nesi akaleta fundi abadilishe kitasa cha mlango. Mi nilikuwepo nimekaa juu ya godoro na watoto. Fundi alipomaliza akampa Mama Mapacha funguo tatu mpya zimefungwa na waya. Akazihesabu. Akamuuliza fundi, "Na ya nne anayo nani?" Fundi akasema mama hamna ya nne, kitasa hiki kinakuja na funguo tatu tu. Akatoka nje akafunga, akafungua, akaingia akafunga kwa ndani, akafungua tena. Kama mara sita hivi. Hakuna aliyemwambia kitu. Kile kitasa kilinunuliwa elfu 18, na katika vitu vyote lile shirika limewahi kutoa sijaona kilichopokelewa namna ile.

Kesho yake laini ya simu. Ya zamani mume alikuwa anajua namba ya siri, akiba yoyote ikiingia anaiona. Laini mpya inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, kwa hiyo kadi kufichwa haikuzuia kitu. Ile ya zamani hatukuitupa, ilizimwa ikahifadhiwa, na ilipowashwa wiki moja baadaye mbele ya askari wa dawati zikaingia meseji za vitisho mfululizo, askari akaziona kwa macho yake zikiingia moja baada ya nyingine. Bwana akaitwa, akaandika maelezo, akaonywa, na tangu hapo amekuja mara moja tu kuuliza uliza mtaani. Uhamisho wa shule wa watoto ulikwenda haraka, mwalimu yule yule aliushughulikia.

Halafu ikafuata kama wiki mbili hakufanya chochote, alilala. Anapika, anawapeleka watoto, anarudi analala. Vijana wa shirika wakaanza wasiwasi, wanataka kuleta mtaji upesi wasionekane wamemtelekeza, nesi akagoma, akasema mtu huyu hajalala miaka 9, mwacheni alale. Namshukuru mno kwa hilo.

Unasihi nao ulikuwa na shida yake. Alipangiwa kwenda ofisini mara moja kwa wiki, akaenda mara tatu na mara zote tatu hakusema kitu, anaangalia mikono. Wakati huo alikuwa ameshaanza kibarua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kuwaanikia watu dagaa. Mnasihi, binti mdogo lakini mwenye akili, akaamua kumfuata huko huko. Wakakaa pembeni ya chanja, beseni katikati, wote wanachambua, kutenga dagaa wenyewe na lumbu (aina nyingine ya samaki wadogo), kutoa wale waliokatika. Mikono ikiwa na kazi mdomo ukafunguka. Binti yule aliniambia maongezi yote mazito yalifanyika hivyo, wanaangalia beseni, hawaangaliani usoni, na siku alipomwambia habari ya mimba aliyoipoteza kwa kipigo mwaka 2019 mikono yake haikusimama hata sekunde.

Kumbe kwenye kuchambua huko ndo biashara ilipozaliwa. Hakuna aliyempangia. Aliona mwenyewe kwamba dagaa wa kuanikwa mchangani wanauzwa bei ya chini kwa sababu ya mchanga, wa chanjani wanauzwa juu, na kwamba wanawake wengi wanaanika mchangani kwa sababu chanja inataka mbao na nyavu. Februari 2024 akaomba mtaji, akauomba yeye, laki 2, akapewa kwa awamu mbili. Ya kwanza ikawa chanja na turubai. Turubai aliidharau mtu wa shirika, akasema si bora dagaa zaidi, lakini mwaloni kila mtu anajua masika ukikosa turubai mvua ya dakika kumi inageuza beseni tatu kuwa chakula cha kuku. Ilimpata mara moja mwezi wa tatu alivyochelewa kufunika, alilia, akauza kwa mfuga kuku, kesho yake akarudi.

Kuna kitu kingine ambacho asiyetoka ziwani hakijui, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inakaa, kwa hiyo mwezi una siku za hela na siku za kukaa. Ile laki na nusu ya kikoba tulikuwa tumeandika alipe elfu 5 kila wiki, ikamshinda wiki za mbalamwezi, faini zikaanza tena. Akaenda mwenyewe kwa katibu wakabadilisha, akawa analipa wiki za giza tu, elfu 10 kumi. Deni liliisha Oktoba.

Katikati hapo kukatokea kitu ambacho hakuna mpango wa mradi ulikiona. Mei 15, 2024 serikali ikafunga ziwa Tanganyika kwa uvuvi miezi mitatu, mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Sina ubishi na sababu yake, samaki walikuwa wamepungua kweli. Lakini kwa mtu aliyeanza biashara Februari ni kama kukatiwa ngazi umefika katikati. Miezi mitatu ya kodi iliyolipwa na shirika ilikuwa imekwisha zamani, Februari, na tangu hapo alikuwa anajilipia. Kilichomuokoa ni bibi mmoja wa mwaloni aliyemwambia mapema, mwanangu usiuze wote, kausha vizuri weka gunia. Akaweka magunia mawili. Ziwa lilipofungwa bei ya dagaa wakavu ikapanda, akawa anapima kidogo kidogo, na pembeni ananunua mawese Mwandiga kwa dumu la lita 20 anauza kwa chupa. Bado Julai akakwama kodi. Nesi akaenda kupigania fedha ya dharura, ikapatikana miezi miwili, elfu 70.

Hiyo elfu 70 naiona ndo ngumu kuliko zote kuielezea kwa wafadhili. Kwenye karatasi mama huyu alishahitimu, ana biashara, ana chanja, ana picha (safari hii ya mikono yake tu, uso hakuna). Mtu anauliza kwanini mnarudi kumpa tena? Ni kwa sababu asingepewa Julai, mwenye nyumba angemtoa, na mwanamke mwenye watoto wawili akitolewa kwenye chumba Kigoma hii anajua mlango mmoja tu ambao hautamdai kodi. Ule wa vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Mashirika mengi yanalipa miezi mitatu yanafunga faili. Kwa nilivyoona mimi miezi mitatu ni ya kulala usingizi tu, maisha yanaanza baada ya hapo.

Upande wa sheria nauelezea kwa kifupi. Aliambiwa na kila mtu, hata na kiongozi mmoja wa mtaa, kwamba hamna cheti kwa hiyo huna chako. Sio kweli. Sheria ya Ndoa kifungu cha 160 inasema mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikiwachukulia ni mke na mume, inadhaniwa ni wanandoa mpaka ithibitike vinginevyo, na mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na watoto na nafuu nyingine. Na kuhusu nyumba, tangu ile hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani zinahesabika ni mchango. Ndoo za maji alizobeba zina thamani mbele ya sheria. Tulipitia baraza la usuluhishi la ndoa la kata, usuluhishi ukashindikana, wakatupatia hati ya kuonyesha umeshindikana, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Jirani wa maandazi alikuja kutoa ushahidi wa maji. Yule mjane alikuja kutoa ushahidi wa mkopo wa pikipiki, na daftari la kikoba mkononi.

Mwanzoni mwa 2025 hukumu ikatoka: watoto wakae kwa mama, matunzo elfu 60 kwa mwezi, na nyumba ithaminiwe apate fungu lake. Watu walishangilia, mi nilijua kazi ndo imeanza. Bwana alilipa miezi miwili akanyamaza. Nyumba haijathaminiwa mpaka leo naandika.

Takwimu za taifa zinasema mambo yanapungua, utafiti wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wenye miaka 15 mpaka 49 wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15, ule wa 2022 ukakuta 27. Nafurahi kama ni kweli na naamini kazi ya madawati na kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) imo humo ndani. Ila hawa 27 wakishatoka kwenye kipigo wanaenda wapi na wanalala wapi mwezi wa nne baada ya kutoka, hilo sijaona linaulizwa vya kutosha. Nimewasihi wale wa shirika wabadilishe fomu yao ya kupokea akina mama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unauliza una ujuzi gani, unapenda biashara gani. Sasa unaanza na lile swali la nesi, na chini yake kuna nafasi ya kuandika unadaiwa na nani, umedhaminiwa na nani. Tangu wameweka, akina mama watano wa kwanza kujaza, wanne walikuwa na deni lililochukuliwa kwa jina lao na kutumika na mwanaume.

Cherehani haijapatikana. Ila mwezi uliopita tulipokuwa tunaandika maombi ya kukazia ile hukumu, yaani itekelezwe, karani akatupa tarehe, na Mama Mapacha akatoa simu akaanza kuhesabu siku kwa kidole. Akamwambia karani, samahani baba, tarehe hiyo mwezi ndo unaandama, ni giza zuri, nikija mahakamani dagaa wangu ataanika nani. Karani akamuangalia. Mi nikajiandaa kumuombea radhi. Karani akafungua kitabu, akasogeza mbele siku 12.